Alama ya Mtu au Alama ya Kituo? Tahakiki ya Matumizi ya Data katika Kusimamia Watumishi wa Umma, Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Katika miongo miwili iliyopita, usimamizi wa watumishi wa umma nchini Tanzania umehama kutoka kwenye jalada la siri hadi kwenye kanzidata. Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004 ulianzisha OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, badala ya taarifa za siri ambazo mkuu wa kazi alizijaza pasipo mtumishi kuziona. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24, fomu za OPRAS zilirithiwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na utekelezaji wake, na msimamizi huidhinisha na kutoa alama.

Tahakiki hii inausoma mfumo huo kwa kuzingatia wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako sehemu kubwa ya watumishi ni walimu na wahudumu wa afya wa vijijini. Hoja yake ni kwamba data zinazokusanywa huhesabu kazi ya mtumishi bila kuhesabu mazingira ya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, alama inayoandikwa kwa jina la mtu huweza kuwa, kwa hakika, alama ya kituo chake.

2.0 Ubora wa Mfumo

Haitakuwa haki kuutazama mfumo huu kwa jicho la lawama pekee. Taarifa ya siri ilimwacha mtumishi mikononi mwa hisia za mkuu wake. Mfumo wa wazi humpa fursa ya kuona alichopewa na kukipinga. Aidha, bila kulinganisha kumbukumbu za mishahara na watu halisi, uhakiki wa mwaka 2016 usingewafichua maelfu ya watumishi hewa waliokuwa wakilipwa na Hazina. Data, basi, zina manufaa. Tatizo linaanza pale zinapotakiwa kueleza jambo ambalo hazikukusanywa kulieleza.

3.0 Alama Isiyo na Kigawanyo

Tuchukue mfano wa kukadiria. Uwiano unaokusudiwa katika shule za msingi nchini ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu wa kwanza ana wanafunzi 45, naye husahihisha madaftari yote 45 kila wiki. Mwalimu wa pili, katika shule ya pembezoni yenye upungufu wa walimu, ana wanafunzi 90 na husahihisha madaftari 60. Wa kwanza atapata asilimia 100, wa pili asilimia 67. Hata hivyo, mwalimu wa pili amefanya kazi zaidi kwa theluthi moja. Hesabu haina kosa; kilichokosekana ni idadi ya walimu waliopaswa kuwapo kituoni.

Hali ya mpakani huongeza ugumu huo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na vivuko vya Rusumo na Kabanga vimo ndani yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kwa takriban saa 24. Hilo ni tukio la kupindukia, lakini linadhihirisha kanuni ya kawaida: idadi ya wanaohitaji huduma katika zahanati ya mpakani hubadilika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa muuguzi. Lengo lililoandikwa Julai haliwezi kuyatabiri mabadiliko hayo.

Huenda ikadaiwa kwamba msimamizi anayajua mazingira hayo na atayazingatia. Dai hili lina ukweli katika ngazi ya kituo. Lakini kinachopanda kutoka kituoni hadi halmashauri, na kutoka halmashauri hadi wizarani, ni alama. Maelezo ya msimamizi hubaki chini. Mchumi Charles Goodhart alikwisha kutahadharisha mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika unapogeuzwa kuwa chombo cha udhibiti. Mtumishi anayejua kwamba asilimia ndiyo itakayoonekana atajiwekea malengo madogo, naye hatakuwa na kosa la kimantiki.

4.0 Funzo la Uhakiki wa Vyeti

Athari za kusoma data bila muktadha zilikwisha kuonekana. Taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais Aprili 2017 ilibainisha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika zoezi hilohilo la uhakiki, baadhi ya watumishi wenye elimu ya darasa la saba waliondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliagiza warejeshwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, kwa kuwa sharti la cheti hicho halikuwahusu. Kanzidata iliona nafasi tupu. Haikuona tarehe iliyoifanya nafasi hiyo kuwa halali.

Katika Ngara na Biharamulo hatari ya aina hiyo hugusa hata majina. Majina ya Kihangaza na Kishubi huweza kuandikwa kwa tahajia zaidi ya moja, hasa pale herufi l na r zinapobadilishana. Mashine inayolinganisha cheti cha ubatizo, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa huweza kuhesabu tofauti ya herufi moja kuwa watu wawili, na katika wilaya ya mpakani shaka hiyo huweza kugeuka kuwa swali la uraia.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tahakiki hii haipendekezi kurudi kwenye jalada la siri. Inapendekeza mambo matatu. Kwanza, alama ya PEPMIS isisomwe pekee, bali pamoja na tathmini ya mahitaji ya watumishi ya kituo husika, ili upungufu wa kituo uwe kigawanyo cha alama. Pili, maelezo ya msimamizi yaambatane na alama katika kila ngazi. Tatu, pasitolewe uamuzi wa kumwondoa au kumshusha mtumishi kwa matokeo ya mashine pekee; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka msingi wa haki hiyo. Pasipo marekebisho hayo, mtumishi aliyekubali kubaki katika kituo kigumu ndiye atakayeonekana mzembe, na takwimu zitamshauri ahame.