Fundi wa Biti za Singeli

Kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya Manzese au Tandale jijini Dar es Salaam, MC wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa hiyo, anashangiliwa kwa jina. Aliyetengeneza biti huenda yuko chumbani kwake, mtaa wa pili, ameshaanza nyingine.

Kazi yake naiheshimu sana. Anachukua kipande cha taarabu au mchiriku, sekunde chache tu, anakikata, anakizungusha, kisha anakikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine karibu 300. Kwa kasi hiyo kosa halifichiki: ngoma ikichelewa kidogo, wachezaji wanapotea, besi ikizidi, inameza maneno ya MC. Basi anasikiliza kipande kilekile usiku kucha, apunguze hapa, aongeze pale, kwenye kompyuta kuukuu. Wakati wa kurekodi sauti feni inazimwa isije ikasikika, na joto la Dar es Salaam tunalijua. Umeme ukikatika kabla hajahifadhi kazi, anaanza upya.

Malipo ni madogo. Wimbo unarushwa kutoka simu hadi simu, dereva wa bodaboda anaupiga kutwa, na fundi haoni shilingi.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, na muziki wa vyumba hivi ukafika kwenye matamasha ya Ulaya. Huko wengi walistaajabia kasi. Mimi nastaajabia masikio yanayojua, katikati ya makelele yote hayo, ni sauti ipi moja ya kuondoa ili uwanja mzima uinuke.