Tangi Linalopumua: Maoni Juu ya Istilahi za Rasimu Moja ya Ufundi

Katika kazi ya istilahi, maandishi ya ufundi ndiyo yanayotuumbua upesi. Mshairi akiteleza katika neno, msomaji aweza kumsamehe. Fundi akipotoshwa na neno, chombo hukwama majini na abiria wakiwamo. Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo mmoja wa Kimarekani unaohusu kutafuta na kuondoa hitilafu za mashua za injini. Mfasiri wake ni mtu mwenye bidii, na sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo, sura inayohusu njia ya hewa ya tangi la mafuta inatupa funzo ambalo lafaa tulijadili hadharani, kwa kuwa kosa lililomo si la mfasiri huyu peke yake.

Tuanze na jina la chombo. Mfasiri amekiita “pantoni”. Chombo kinachozungumzwa ni jukwaa tambarare lililowekwa juu ya maboya mawili au matatu marefu ya alumini, lenye viti, kivuli, na injini ya petroli iliyopachikwa nyuma. Chanzo chake huhusishwa na Ambrose Weeres, mkulima wa jimbo la Minnesota, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliweka jukwaa la mbao juu ya safu mbili za mapipa ya chuma. Ni chombo cha kustarehe na kuvulia samaki katika maziwa yaliyotulia. Lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam, pantoni ni kivuko kinachobeba magari na umati wa watu kati ya Magogoni na Kigamboni. Neno limekwisha kupata mwenyewe, na kumpora hakufai. “Mashua ya maboya” lingeeleweka bila maelezo marefu.

Sasa tuje kwenye kiini. Tangi la petroli haliwezi kutoa mafuta kama haliingizi hewa. Kila kiasi cha mafuta kinachovutwa na injini huacha nafasi, na nafasi hiyo isipojazwa na hewa ombwe hutokea ndani ya tangi. Ombwe likizidi, pampu hushindwa kuvuta. Dalili zake ni dhahiri: injini huwaka vizuri, huenda kwa muda, kisha hupoteza nguvu na kuzimika, ilhali tangi bado lina mafuta. Ile pampu ndogo ya mpira inayominywa kwa mkono hubonyea na kubaki bapa, na tangi la plastiki huweza kuonekana limebonyea mbavu. Jambo hili mama zetu wanalijua jikoni: kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, moja la kumiminia na jingine la kuingizia hewa.

Je, mfasiri ameiitaje njia hiyo ya hewa? Ameiita “tundu la kutolea hewa”. Hapa ndipo rasimu inapopotoka. Neno la Kiingereza alilolifasiri lina uhusiano na neno la Kilatini lenye maana ya upepo. Hutaja mahali hewa inapopita, bila kusema inakwenda wapi. Kwa kuongeza kauli ya “kutolea”, mfasiri ameipa hewa mwelekeo mmoja, na mwelekeo huo ni kinyume cha ule unaohusika katika hitilafu inayoelezwa. Injini inazimika kwa sababu hewa haiingii. Msomaji anaambiwa achunguze mahali inapotokea.

Ili nisionekane nabishana na karatasi tu, niliichukua sura hiyo hadi ufukweni na kumsomea fundi mmoja wa boti. Injini anazozitengeneza ni za aina ileile ya kupachika nyuma, na matangi yake hufanya kazi kwa kanuni ileile. Nilipofika kwenye “tundu la kutolea hewa”, alinikatiza: “Mzee, hapo unasema bomba la moshi?” Nikamweleza kinachokusudiwa. Akacheka, akasema: “Aa, kumbe tangi halipumui!”

Katika maneno mawili fundi yule alikuwa amefanya kazi iliyomshinda mfasiri. Kupumua ni kuvuta na kutoa pumzi, na ndivyo tangi linavyofanya. Injini inapofanya kazi, tangi huvuta hewa. Mafuta yanapojazwa, hewa iliyokuwamo hutoka. Ikizuiwa, petroli hurudi mdomoni na kumrukia anayejaza. Jua linapochoma, mvuke wa petroli hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kwa hiyo napendekeza “kipumulio”. Neno hili limeundwa kwa njia inayokubalika, kutoka pumua, kisha pumulia, hata kipumulio, na halilazimishi mwelekeo.

Wako watakaouliza kwa nini tusitosheke na “tundu la hewa”, ambalo ni jepesi. Hoja yao ina uzito. Lakini katika tangi lililojengewa ndani ya mashua, kitu hiki si tundu tu. Kina mpira unaotoka tangini, kina mdomo uliopachikwa ubavuni mwa mashua, na aghalabu mdomo huo una wavu mwembamba. Kila sehemu ina hitilafu yake: nyigu hujenga kwa udongo mdomoni, chumvi na vumbi huziba wavu, mpira hukunjika. Istilahi moja yapasa kuubeba mfumo mzima, kisha tuseme mpira wa kipumulio, mdomo wa kipumulio, wavu wa kipumulio.

Yako makosa mengine mawili. Mfasiri anaandika kwamba injini “imeishiwa mafuta”. Msomaji atafungua tangi, ataona mafuta yamejaa nusu, na atakiona kitabu ni cha uongo. Kinachokusudiwa ni kwamba mafuta hayafiki kwenye injini. Tena, panapoelezwa mpira ulioning'inia ukafanya bonde linalotuamisha petroli na kuzuia hewa, tunasoma “mtego wa mafuta”. Hii ni tafsiri sisisi. Hakuna aliyetega wala aliyenaswa. Ni mpira uliolegea, na unahitaji kuinuliwa ili uteremke moja kwa moja kuelekea tangini.

Kosa zito kuliko yote lahusu usalama. Kipimo rahisi cha hitilafu hii ni kulegeza mfuniko wa tangi: ikisikika hewa ikifyonzwa ndani, na injini ikarudia nguvu zake, kipumulio kimeziba. Rasimu inasema “ondoa mfuniko, kisha endelea na safari”. Kulegeza si kuondoa, na kupima si kusafiri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya chini, hasa tangi likiwa limefichwa chini ya kiti, na cheche moja yatosha kuuwasha. Hapa vitenzi viwili vilivyochanganywa vyaweza kugharimu maisha.

Mwisho, istilahi iwe na nafasi ya kukua. Matangi ya zamani ya kubebeka yana skrubu juu ya mfuniko, ambayo hufunguliwa kwa mkono kabla ya safari. Nchini Marekani, kanuni za mazingira zilizoanza kutumika kwa matangi hayo mwaka 2011 zinataka yajifunge yenyewe na kuzuia mvuke hadi kanieneo ya takriban kilopaskali 34, huku yakiruhusu hewa kuingia. Tukisema “kipumulio cha skrubu” na “kipumulio cha vali”, aina zote mbili zinapata makao. Tukishikilia “tundu la kutolea hewa”, aina ya pili itatuaibisha, kwa kuwa kazi yake hasa ni kuingiza hewa na kuzuia mvuke usitoke ovyo.

Simlaumu mfasiri kwa kukosa kamusi. Namlaumu kwa kutokwenda kwa fundi. Walimu wa ufundi, maofisa wa uvuvi na wafasiri wenzangu wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia kazini, wakitaja mahali na matumizi yake, ili pendekezo hili la kipumulio lipimwe kabla ya kusanifiwa. Likishindwa na neno bora kutoka ufukweni, tutalipokea hilo bora kwa mikono miwili.