Mikono ya Machi

Mrushaji wa besiboli anayeijua kazi yake hupuliza vidole kabla ya kuushika mpira. Nilimtazama mmoja huko Ann Arbor, Michigan, mwishoni mwa Machi, theluji chafu ikiwa bado imerundikana nyuma ya ukuta wa uwanja na watazamaji wamejifunika mablanketi mpaka puani. Kijana alisimama juu ya kichuguu, akamkazia macho mdakaji wake, akaupeleka mkono kinywani na kuipulizia ngumi pumzi ndefu, kama apulizaye kaa la mwisho jikoni lisije likazimika. Siku za kawaida sheria humkataza mrushaji kupeleka mkono mdomoni akiwa pale juu, kwa kuogopa ataupaka mpira mate. Siku ya baridi waamuzi humruhusu kupuliza. Sijui upendeleo mwingine ambao kitabu cha sheria kimewapa watu wa kaskazini.

Mpira wa besiboli umevikwa ngozi nyeupe, na mshono wake wa nyuzi nyekundu ndiyo alama ambayo kidole huisoma. Hewa ya baridi ikiwa kavu, ngozi ile hukakamaa na kuteleza, na kidole kilichokufa ganzi hakiupati mshono. Mwenye pupa hulipiza kwa kukaza mkono, na mpira humponyoka ukaenda unakotaka wenyewe. Yule kijana hakukaza. Alirusha polepole kuliko nguvu zake, akiuachia mpira kwa kifundo, na kila mara aliulenga upande wa ndani, karibu na vidole vya mpigaji. Alijua anachokifanya. Katika baridi, gongo likiupata mpira pasipo mahali pake, mtetemo hupanda kutoka viganjani hadi kwenye viwiko, na uchungu wake haumtoki mtu haraka. Mpigaji aliyekwisha onja mara moja huja mara ya pili akiwa nusu mtu. Hewa nayo ni nzito. Mpira ambao Florida ungevuka ukuta, hapa huchoka njiani na kumwangukia mlinzi glovuni. Mechi za namna hii huisha 2–1, na wasiozijua huziita baridi kweli kweli.

Ufundi huu hauanzi Machi. Huanza Novemba, ndani ya kumbi zilizotundikwa nyavu kutoka darini, vijana wakipiga mipira isiyofika popote. Mtu wa jua hujifunza kwa kuutazama mpira ukipaa, naye huamini macho yake. Mtu wa ukumbini mpira wake unazuiwa na wavu hatua chache mbele, kwa hiyo hana budi kujua kwa sikio na kwa viganja: pigo zuri lina mlio mkavu na halina mtetemo, pigo baya hunguruma na kuuma. Walinzi nao hurudia kuokota mipira inayodunda sakafuni mpaka miguu ifike kabla ya akili. Miezi mitatu hivi bila kuona anga. Anayeipita miezi hiyo bila kuichoka hutoka na kitu ambacho siku nyingi za jua hazimpi mtu.

Ukoo wa ufundi huu ni mrefu. Mwaka 1882 alidaka mipira ya Chuo Kikuu cha Michigan kijana mmoja Mweusi, Moses Fleetwood Walker, katika zama ambazo wadakaji hawakuwa na glovu ya maana. Mwaka 1884 alicheza ligi kuu akiwa na timu ya Toledo, na muda si mrefu mlango ukafungwa kwa watu wa rangi yake. Aliyekuja kuufungua, Branch Rickey, ndiye aliyemwingiza Jackie Robinson uwanjani na Brooklyn mwaka 1947. Na huyo Rickey, zamani akiwa mwanafunzi wa sheria, aliifundisha timu ya Michigan kuanzia 1910 hadi 1913. Hapo ndipo alipomwona George Sisler, mrushaji chipukizi, ambaye mwaka 1920 alipiga mapigo salama 257 katika msimu mmoja, rekodi iliyodumu hadi Ichiro Suzuki alipoivunja mwaka 2004. Wazee wa Ann Arbor, mji wa chuo hicho, wana haki ya kutembea kifua mbele.

Kisha zikaja siku za neema. Kati ya 1953 na 1966, miaka 14 tu, ligi ya Big Ten, iliyokusanya vyuo vya kaskazini kama Michigan na Minnesota, ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mara sita. Michigan, chini ya Ray Fisher, aliyekuwa akiifundisha tangu 1921, iliifunga Texas 7–5 mwaka 1953. Minnesota ikatwaa 1956, 1960 na 1964. Michigan ikarudi 1962, fainali yake dhidi ya Santa Clara ikienda vipindi 15 badala ya tisa. Ohio State ikafunga hesabu mwaka 1966, ikiwa na mrushaji Steve Arlin, ambaye mwaka mmoja kabla, kule Omaha yanakochezwa mashindano ya mwisho ya taifa, aliisimamisha Washington State vipindi 15 na kushinda 1–0, huku akiwatoa wapigaji 20 peke yake bila kuwasumbua walinzi. Tazama baadhi ya walioangushwa katika fainali hizo: Texas, Arizona, Southern California. Nchi za jua zote.

Minnesota makombe yote matatu iliyapata kwa mtu mmoja, Dick Siebert, aliyekuwa mchezaji wa ligi kuu kabla ya kuishika timu hiyo mwaka 1948 na kukaa nayo mpaka 1978. Kinachonigusa kwa mzee huyu ni watu aliowafinyanga kuliko hata makombe. Dave Winfield na Paul Molitor, wote wawili waliokuja kuingizwa katika ukumbi wa magwiji, ni watoto wa St. Paul, mji unaopakana na chuo. Hakuwafuata mbali. Mlezi na mlelewa walikuwa wa baridi moja, na waliomaliza waliwaacha nyuma wadogo zao wakiwa wamekwisha kuwaona wakifanya kazi. Hivyo ndivyo ufundi wowote unavyorithishwa, wa mkono au wa ulimi: kwa kukaa karibu na ajuaye, muda mrefu, bila kuahidiwa kitu.

Hata hivyo, mkono ninaourudia kila nikipata nafasi ya kutazama picha za zamani ni wa Jim Abbott. Alizaliwa mwaka 1967, akakulia Flint, Michigan, bila kiganja cha mkono wa kulia. Alirusha kwa kushoto. Glovu aliitegesha kwenye ncha ya mkono wa kulia, kinywa chake kikiwa tayari. Akishaachia mpira, kabla mguu haujatulia, mkono wa kushoto ulikwisha kuzama ndani ya glovu na yeye amekuwa mlinzi kama wenzake. Mpira ukimjia, aliudaka, akaibana glovu kwapani upande wa kulia, akauchomoa mkono ukiwa na mpira, akatupa. Yote hayo katika muda ambao mwenye mikono miwili huutumia kufikiri. Wapinzani walimjaribu kwa kumwekea mipira mifupi mbele ya miguu, wakidhani watamwaibisha. Waliaibika wao.

Mwendo ule hakufundishwa na kocha. Aliunoa utotoni kwa kuutupa mpira ukutani na kubadilisha glovu kabla haujamrudia, kisha kusogea karibu zaidi na ukuta ili muda upungue, kisha kusogea tena. Alipoingia Michigan mwaka 1985 kazi ilikuwa imekwisha zamani. Mwaka 1988 aliondoka chuoni, na mwaka huohuo akawa kichuguuni Marekani ilipotwaa besiboli ya Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1993, akiichezea New York Yankees, aliinyima Cleveland pigo salama hata moja mechi nzima. Lakini mimi hunitosha ule mkono kuzama na kuchomoka kwenye glovu. Ukiutazama mara nyingi unaacha kuona upungufu. Unaona namna ambavyo mtu anaweza kukataa kupoteza hata chembe ya mwendo.

Kwa Big Ten yenyewe, neema ilikuwa imekatika zamani, bila kelele. Mwaka 1973 Winfield, akirusha kwa ajili ya Minnesota katika nusu fainali dhidi ya Southern California, alikuwa ametoa wapigaji 15 peke yake na timu yake ikiongoza 7–0 kuingia kipindi cha tisa. Mkono ukachoka, akaondolewa kichuguuni, na watu wa jua wakafunga nane. Ikaisha 8–7. Alitajwa mchezaji bora wa mashindano yote, nishani ya kufutia machozi. Tangu 1966 hadi 2025 Big Ten haikupata tena ubingwa huo. Baada ya Michigan kwenda Omaha mwaka 1984, ilipita miaka 29 bila timu yoyote ya ligi hiyo kuikanyaga Omaha, mpaka Indiana ilipofika 2013. Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa sababu za bajeti, kiliifuta timu yake mwaka 1991, na hakijairudisha.

Sababu za anguko hilo zinajulikana, na si zote za kulaumiwa. Fedha ziliingia kwenye besiboli ya vyuo, na fedha hufuata viti vilivyojaa, na viti hujaa penye joto. Vyuo vya kusini vilijenga viwanja ambavyo timu za kulipwa zingevionea fahari. Kalenda nayo haina huruma: msimu hufunguliwa katikati ya Februari, wakati uwanja wa Minneapolis uko chini ya theluji, hivyo timu za kaskazini hutumia wiki za kwanza zikizunguka Florida, Texas na Arizona kama wageni wasio na kwao. Minnesota angalau hupata kucheza chini ya paa la US Bank Stadium, uliojengwa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani. Makocha wa kaskazini wamewahi kuomba msimu usogezwe mbele kuelekea kiangazi. Ombi halikupita. Mchezo ambao mashindano yake ya kwanza ya taifa, mwaka 1947, yalifanyika Kalamazoo, Michigan, leo unaendeshwa kana kwamba Michigan iko pembezoni mwa dunia.

Kwa hiyo mwaka 2019 ulikuwa mtamu. Michigan, iliyopenya kwa tabu miongoni mwa timu za mwisho kuitwa kwenye mashindano, ilikwenda Los Angeles ikaing'oa UCLA, iliyopangwa namba moja nchini. Omaha, mrushaji wao Tommy Henry aliinyima Florida State hata alama moja, 2–0. Katika fainali waliitangulia Vanderbilt kwa kushinda mechi ya kwanza, kisha wakapoteza mbili. Kocha wao, Erik Bakich, mwaka 2022 alihamia Clemson, South Carolina. Simlaumu, mtu hufuata riziki. Ila ni vigumu kutoona upepo unavumia wapi.

Ndipo Big Ten ikapata dawa yake. Mwaka 2024 iliwapokea UCLA, Southern California, Oregon na Washington. Southern California peke yake ina ubingwa wa taifa mara 12. Kwa tarakimu, ligi imekuwa na nguvu ambayo haijawahi kuwa nayo, na mwaka 2025 bendera yake ilipepea tena Omaha, ikibebwa na UCLA: walewale waliong'olewa na vijana wa Michigan miaka sita kabla. Wakubwa wa ligi walipongezana. Sikusikia aliyeuliza ni nguvu ya nani.

Nami siwapendi wanaosifu mateso wasiyoyapata wao. Paa ni jambo jema, glovu za joto ni jambo jema, na hakuna kijana anayestahili kuvunjika mkono ili mzee mmoja jukwaani apate la kusimulia. Ninachokilalamikia ni wepesi wa kutupa. Tangu 2021 mwanamichezo wa chuo ameruhusiwa kuuza jina na sura yake, haki aliyocheleweshewa mno. Lakini pamoja na haki hiyo umekuja mwenendo wa kuhama chuo hadi chuo, na timu siku hizi hununua mrushaji aliyekwisha kuiva mahali pengine. Kwa nini basi kocha apoteze majira matatu ya baridi kumfundisha kijana wa Flint kuutafuta mshono kwa kidole kilichokufa ganzi? Hesabu haimruhusu. Na kijana wa Flint, akiwa na kipaji, atashauriwa mapema ahamie kwenye jua.

Ligi inaweza kununua ushindi, hilo limethibitika. Haiwezi kununua mazoea ya miaka mia na zaidi, kwa kuwa hayo hayana muuzaji. Yakikosa mtu wa kuyahitaji kwa kizazi kimoja, hayatakuwa na wa kuyafundisha katika kizazi kitakachofuata, na makombe yote ya California hayatamsaidia kocha wa Minnesota siku atakapohitaji mrushaji wa mwezi Machi.