Mutombo Angesimama Wapi Coca-Cola Arena?

Dubai Basketball ilipoingia EuroLeague msimu wa 2025-26, ilimsajili kutoka Venezia senta wa Kanada mwenye jina la Kikongo, Mfiondu Kabengele. Ni mpwa wa Dikembe Mutombo. Klabu yenyewe ni changa, imeundwa 2023, na uwanja wake wa nyumbani, Coca-Cola Arena pale City Walk, ulifunguliwa 2019. Mutombo alikuwa amekwisha kustaafu miaka 10 kabla ya hapo, na Septemba 2024 akafariki dunia. Lakini ukimtazama mpwa akicheza, huwezi kuacha kujiuliza: mjomba wa miaka ya 1990, akiwa na umri wa miaka 28 na magoti mazima, angeuweza mchezo huu?

Wengi hujibu kwa kutaja urefu, nguvu na moyo. Vyote hivyo Mutombo alikuwa navyo: mita 2.18, misimu 18 NBA, mitupo 3,289 aliyoizuia, akizidiwa na Hakeem Olajuwon peke yake katika historia ya ligi hiyo. Mimi naona jibu liko miguuni. Kinachotenganisha enzi na enzi ni mahali senta anaporuhusiwa kusimama, na mahali wapinzani wanapomlazimisha asimame.

Turudi 1994. Denver Nuggets, timu ya nane Magharibi, ilikutana kwenye mtoano na Seattle SuperSonics waliokuwa wameshinda michezo 63. Denver walipoteza miwili ya kwanza, kisha wakashinda mitatu mfululizo, na picha ya Mutombo amelala sakafuni ameukumbatia mpira ikabaki vichwani mwa watu. Katika michezo hiyo mitano alizuia mitupo 31. Aliwezaje? Sheria za wakati ule zilikataza ulinzi wa eneo. Kila beki alitakiwa kumfuata mtu wake. Ila mtu wa Mutombo alikuwa senta mwenzake, na senta wa siku hizo alijenga makazi hatua mbili tatu kutoka kwenye ringi. Kumlinda yeye ilikuwa sawa na kuilinda ringi. Akitokea mshambuliaji mwepesi anapenya katikati, Mutombo alikuwa na hatua moja tu ya kupiga kabla mkono haujaukuta mpira. Msimu ule kila timu ya NBA ilirusha kwa wastani mitupo 9.9 ya pointi tatu kwa mchezo. Nani angemvuta atoke?

Msimu wa 2024-25 wastani huo ulikuwa 37.6. Nambari hiyo ndiyo habari yote. Senta wa leo anasimama kwenye kona au juu ya mstari, karibu mita saba au zaidi kutoka kwenye ringi, na beki wake ana machaguo mawili machungu: amfuate aiache ringi wazi, au abaki amwachie mtupo. Juu ya hayo, tangu 2001 NBA inamkataza beki kukaa zaidi ya sekunde tatu chini ya ringi bila mtu wa kumlinda kwa karibu. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo mmoja wa adhabu na mpira unabaki kwao. Mutombo alitwaa tuzo yake ya nne ya Mlinzi Bora msimu wa 2000-01, wa mwisho kabla ya sheria hiyo.

Hapa ndipo Dubai inapoingia, maana EuroLeague haichezwi kwa sheria za NBA, na wachambuzi wengi wanaolinganisha enzi wanaisahau tofauti hii kabisa. Kwanza, barani Ulaya hakuna sekunde tatu za beki. Senta anaweza kupiga kambi chini ya ringi tangu shambulizi linaanza hadi linaisha. Pili, mpira ukishagusa ringi, mchezaji yeyote anaweza kuupiga, hata kama bado unazunguka juu yake. NBA ukiugusa hapo pointi zinahesabiwa. Mfikirie Mutombo na mikono ile akiwa na ruhusa ya kufagia kila mtupo unaosita juu ya chuma. Tatu, uwanja ni mwembamba zaidi, mita 15 badala ya 15.24, na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, wakati wa NBA juu ya duara uko mita 7.24. Nusu mita hiyo ni hatua nzima ya senta mzito: kutoka chini ya ringi kwenda kumfikia mrushaji, safari ni fupi zaidi. Na mchezo ni dakika 40, si 48. Kila kipimo hapo kinamwelekea yeye.

Kwa hiyo nasema bila kusita: katika EuroLeague ya leo Mutombo angekuwa miongoni mwa walinzi watatu bora wa ringi, pengine wa kwanza.

NBA ni suala jingine, ingawa hata huko si giza. Tunaye mfano hai. Rudy Gobert, Mfaransa wa mita 2.16, ameshinda tuzo ya Mlinzi Bora mara nne, 2018, 2019, 2021 na 2024, sawa na Mutombo, kwa mchezo unaofanana naye mno. Mshambuliaji mwenye mpira anapopita kando ya mwenzake aliyemzibia beki njia, Gobert hamfuati juu. Anarudi nyuma, anaiziba ringi, anamwachia ule mtupo wa umbali wa kati ambao makocha wa leo wanaudharau. Mutombo angefundishwa hilo kwa wiki moja.

Ila Juni 2021 Los Angeles Clippers walionyesha dawa yake. Waliondoa senta, wakaweka watano wote nje ya mstari, na Gobert akajikuta anamlinda Terance Mann aliyesimama kwenye kona. Kila mara Gobert alipokimbilia ringi, pasi ilikwenda kona. Mann akafunga pointi 39, mitupo saba ya pointi tatu kati ya 10, Utah, timu ya Gobert wakati huo, wakapoteza uongozi wa pointi 25 na msimu ukaisha. Mutombo angepigwa vilevile usiku ule. Si kwa sababu ya udhaifu wa enzi yake, bali mwili wa mita 2.18 hauwezi kuwa mahali pawili.

Dubai imewahi kumwona mmoja wa jamii hiyo ya masenta kwa macho. Januari 2024, kwenye mashindano ya kimataifa ya jiji hili, Dwight Howard alivaa jezi ya Strong Group ya Ufilipino akiwa na miaka 38, na timu ikafika fainali ilikofungwa na Al Riyadi ya Beirut. Howard ni daraja kati ya enzi hizo mbili. Orlando Magic ya 2009, chini ya Stan Van Gundy, ilimzungushia warushaji wanne na kufika fainali ya NBA. Wapinzani wakimsaidia beki wake, mpira unatoka nje; wasipomsaidia, anadanki. Mfumo tunaouita wa kisasa ulianza na senta wa kizamani kabisa.

Mwaka huohuo 2009, Memphis ilimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Watanzania tumemhukumu vibaya kwa miaka mingi. Alikuwa na mita 2.21, alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa kijana tayari, na aliingia ligi wakati ile kazi aliyoijua ilikuwa inabadilishiwa mahali. Gobert alipewa miaka ya kujifunza kurudi nyuma kwa mahesabu. Thabeet alipelekwa ligi ya chini msimu wake wa kwanza na kufikia 2014 alikuwa nje. Naamini angeanzia Ulaya, penye ruhusa ya kukaa chini ya ringi, tungezungumza habari nyingine.

Kwenye mashambulizi ndiko Mutombo angelazimika kubadilika kweli. Msimu wake wa kwanza, 1991-92, alifunga wastani wa pointi 16.6, nyingi kwa kupewa mpira akiwa amempa beki mgongo na kugeuka kwa mtupo wa mkono mmoja. Leo hakuna kocha angempa mipira hiyo. Angeambiwa azibe njia, akimbilie ringi, adake pasi ya juu. Kabengele ana mita 2.08 tu, pungufu ya mjomba kwa sentimita 10, lakini akishaziba njia anaweza pia kubaki nje na kurusha pointi tatu, na beki wake hana budi kumfuata.

Ningekuwa kocha wa Dubai, mjomba angeanza na kucheza dakika 24. Dakika tano za mwisho, dhidi ya timu yenye senta mrushaji, ningemtoa nimwingize mpwa. Dhidi ya timu inayotegemea kupenya, mjomba angebaki mpaka kengele.