Sanamu Moja, Makaburi Mawili: Kwa Nini Mzuka Ulikaa Upande Mmoja Tu?

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanapoletewa hadithi ya mizuka, aghalabu hufanya mambo mawili. Kwanza huitafutia funzo: "hadithi hii inatufundisha kwamba..." Pili huitupa katika kapu la imani potofu na kufunga daftari. Tunaona kwamba njia zote mbili huiacha hadithi yenyewe bila kuguswa. Ili kuonyesha tunachomaanisha, tumechagua kisa kutoka mbali, nchini Marekani, ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekiogopa wala kukionea haya.

Mwaka 1885, mjini Washington, Marian Adams, mpiga picha hodari na mke wa mwanahistoria Henry Adams, alijitoa uhai. Mumewe alimwagiza mchongaji Augustus Saint-Gaudens amtengenezee sanamu ya kuweka kaburini. Ilikamilika mwaka 1891 katika makaburi ya Rock Creek: mtu wa shaba aliyeketi, amejitanda nguo kuanzia kichwani, uso umo kivulini, na huwezi kusema kwa yakini kama ni mwanamume au mwanamke. Adams hakuruhusu jina wala maandishi yoyote. Watu walipoibandika sanamu jina la "Huzuni" hakulipenda. Hata katika kitabu cha maisha yake aliiruka miaka yote ya ndoa bila kumtaja mkewe.

Mapema katika karne ya 20, Jenerali Felix Agnus, mzaliwa wa Ufaransa na mchapishaji wa magazeti mjini Baltimore, alinunua nakala ya sanamu hiyo, iliyotengenezwa bila idhini, akaiweka katika eneo la familia yake kwenye makaburi ya Druid Ridge, Pikesville. Hapo ndipo mzuka ulipozaliwa. Sanamu iliitwa Black Aggie, yaani Aggie Mweusi. Ikasemwa kwamba saa sita za usiku macho yake huwaka mekundu, kwamba nyasi hazioti pale kivuli chake kinapoangukia, na kwamba mjamzito akikipita kivuli hicho mimba huharibika. Vijana wa vyama vya wanafunzi walitakiwa kulala usiku kucha mapajani pake ili wakubaliwe na wenzao. Mwaka 1962 mkono wake mmoja ulikatwa. Inasimuliwa kwamba ulipatikana katika gari la fundi wa mabati, pamoja na msumeno, naye akadai mbele ya hakimu kwamba Aggie aliukata mwenyewe kwa majonzi akampa.

Sasa basi, swali letu. Umbo ni lile lile, kitambaa kile kile, uso ule ule. Kule Rock Creek, Eleanor Roosevelt alikuwa akienda kuketi mbele yake kutafuta utulivu. Huku Pikesville watu walikwenda kutafuta hofu. Kama mzuka ungekuwa ndani ya shaba, ungekuwa kwenye makaburi yote mawili, na ungeanza kwenye ile ya asili, yenye kifo cha kusikitisha nyuma yake.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi hiyo ni tukio: ina fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Wanafunzi hukariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha hukusanya hadithi kana kwamba wanachuma maembe. Kwa Aggie orodha inafanya kazi. Hadhira ni vijana wenye magari, mahali ni makaburi ya pembezoni mwa jiji, wakati ni usiku. Fanani ni yule aliyekwisha kulala pale mwaka uliotangulia, na ambaye ana kila sababu ya kutia chumvi. Hadithi haikuwa pambo la jaribio la ujasiri. Ndiyo iliyolipa jaribio uzito. Na mahali panapokanyagwa usiku baada ya usiku, nyasi hazihitaji laana ili zife.

Jina nalo lina kisa chake, na hapa walimu wa lugha watufuate kwa makini. "Aggie" limetokana na Agnus, jina la ukoo wa jenerali. Jina la mwanaume, askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likafupishwa mdomoni mwa watu mpaka likawa la mwanamke. Likishakuwa jina la mwanamke, linadai maisha ya mwanamke: majonzi, kilio, mkono wa kukata. Kule ambako Adams alikataa jina, hapakuwa na pa kuanzia.

Tukimtafsiri Aggie, tumwite nani? Baadhi ya wanafunzi huandika "mzimu". Hatukubaliani nao. Mzimu una ukoo unaoutambua na pahala pa kuutolea. Aggie hana aliye wake, wala hakuna anayemtambikia. Yeye ni mzuka tu, kitu cha kuzuka gizani mbele ya mgeni. Kuhusu utanzu, tungemweka katika visakale, ingawa tunakiri kwamba vitabu vyetu vingi vinapoeleza visakale huwafikiria mashujaa, na Aggie hakushinda vita yoyote.

Hadithi hii haina funzo, nasi hatuoni kwamba ni upungufu. Ina gharama, lakini. Ilikuwa kwenye makaburi ya watu waliokuwa na jamaa walio hai, na fujo za usiku zilizidi mpaka mwaka 1967 familia ikaitoa sanamu kwa taasisi ya Smithsonian. Katika masimulizi hayo yote, Marian Adams, ambaye kifo chake ndicho kilichochongesha umbo hilo, hatajwi popote.

Leo nakala ile iko katika ua wa jengo la mahakama, kando ya uwanja wa Lafayette mjini Washington, ambako Marian aliishi na kufariki. Mzuka haukuhamia huko pamoja nayo. Mwanafunzi atakayetaka kuandika tasnifu kuhusu visakale vya makaburi ya kwetu na aanze na swali hilo: ni nani wanaokwenda pale, saa ngapi, na nani aliyewatuma?