Kuisoma Bunduki ya Mjomba

Wengi wetu hununua bunduki kuukuu kama tunavyonunua kitanda cha mninga: tunatazama nakshi, tunapapasa mbao, kisha tunauliza bei. Nami nilikuwa mmoja wao mpaka mwaka 1994, mjomba wangu alipotaka kuniuzia bunduki yake ya mitutu miwili pale Chato. Siku zile Chato ilikuwa bado katika Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Nyani na nguruwe pori walikuwa wakitumalizia mahindi na mihogo, na mjomba hakuwa tena na nguvu za kukesha shambani.

Bunduki ilitengenezwa Liège, nchini Ubelgiji. Hilo si ajabu kwa upande wetu wa ziwa, kwani Wabelgiji waliwatawala majirani zetu wa Rwanda na Burundi mpaka mwaka 1962. Kama kazi ya sanaa, sina la kuilaumu. Ubavuni fundi alichora ndege wawili wakiruka kutoka majanini, na manyoya yao ungeweza kuyahesabu. Mitutu ilikuwa na mistari iliyojipinda kama ngozi ya chatu. Mjomba aliisugua kwa kitambaa akasema, "Mpwa wangu, hii haina mwenzake."

Walakini mistari ile mizuri ndiyo iliyokuwa shtaka la kwanza. Mtutu wa namna hiyo hutengenezwa kwa vipande vya chuma na chuma cha pua vilivyosokotwa pamoja, vikazungushwa na kufuliwa motoni hata vikawa bomba moja. Kwa kawaida ni mitutu ya enzi za baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Risasi za dukani leo zina baruti isiyo na moshi, na mtutu wa kale haufai kuaminiwa nayo kwa macho tu. Kutu yaweza kujificha katika maungio yale miaka na miaka, na siku mtutu unapopasuka, mkono wa kushoto wa mpigaji upo papo hapo.

Nilimwita askari mstaafu wa wanyamapori anisaidie. Kwanza aliifungua kuhakikisha haina risasi. Kisha akaitoa mitutu kwenye kitako, akaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa ukucha. Mitutu iliyoungana sawasawa hulia kama kengele. Yetu ilitoa sauti ya debe bovu, dalili kwamba ukanda unaoiunganisha umeachia. Akanipa nichungulie ndani kuelekea mwanga wa mlango. Nikaona madoadoa ya kutu, na mahali pamoja kivuli kilichopinda, maana yake bonde. Nje mtutu uling'aa, kwa sababu mtu aliupiga msasa. Na kila msasa unapopita, chuma hupungua.

Chini ya mitutu palikuwa na alama za majaribio. Liège waliweka herufi ELG ndani ya umbo la yai. Bunduki iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi huongezewa simba na herufi PV. Tulitafuta kwa tochi, simba hatukumwona. Chumba cha risasi nacho kilikuwa cha milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia humo bila taabu, na hapo ndipo penye hila: ikilipuka, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na msukumo huzidi.

Mwisho tukalinganisha namba ya bunduki na ile ya kwenye leseni. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 ilitaka hivyo, na ile ya udhibiti ya mwaka 2015 iliyoshika nafasi yake haijalegeza: silaha haihami kutoka mtu hadi mtu bila kibali. Namba zilikuwa sawa. Katika hilo mjomba hakuwa na doa.

Lakini alikuwa amenuna. "Baba yangu aliitumia, nami nimeitumia. Leo unaikagua kama ng'ombe wa mnadani?" Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kwetu kukikagua kitu cha mzee ni kama kumwambia kuwa ni mwongo. Kwa heshima hiyo mbaya tumenunua mitumbwi inayovuja na mashamba yenye kesi. Mjomba hakusema uongo. Aliisifu bunduki aliyoijua kwa nje. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sikuinunua. Mjomba hakunisemesha kwa siku tatu. Siku ya nne aliniita, akataka nimwonyeshe ule mwanga wa mlango. Alichungulia mtutu wa kulia, akachungulia wa kushoto, akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Na mwanangu angeipiga?" Nilimwambia ndiyo, yeye ndiye angekesha na bunduki ile shambani.

Hukumu yangu ni hii: mchoraji wa ndege wale alistahili sifa zote, na bunduki haikustahili hata senti moja. Anayependa nakshi aitundike ukutani. Anayetaka kulinda shamba aanze na giza la ndani ya mtutu, wala asimwombe mzee radhi kwa kuwasha tochi.