Kabla ya Kuita Uvimbe wa Ini Kansa: MRI na Ini la Mwambao wa Tanganyika

Mgonjwa wa Muhuta, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, akitapika damu, wengu umevimba hadi kitovuni, wengi humaliza shauri hapo hapo: sirosisi. Ultrasaundi ikionyesha na uvimbe, neno linalofuata ni kansa. Ndipo MRI yenye dawa ya kung'arisha inapohitajika, na ndipo pia inapoweza kumpotosha anayeisoma kwa pupa.

Kipimo hiki kinategemea saa kuliko sumaku. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kwa mshipa wa lango unaotoka matumboni, na iliyobaki kwa ateri. Kansa ya seli za ini hujiotea ateri zake yenyewe na kuusahau mshipa wa lango. Basi hupigwa picha moja kabla ya dawa, kisha dawa ya gadolini inadungwa mkononi. Baada ya nusu dakika hivi ateri zimejaa: uvimbe unawaka, ini lililouzunguka bado limefifia. Ikipita dakika moja na kidogo, katika hatua ya mshipa wa lango, ini nalo limejaa dawa, na uvimbe ule ule umegeuka mweusi kuliko nyama ya jirani, pengine umezungukwa na utando unaong'aa.

Kansa ya mirija ya nyongo, ambayo nayo huota kwenye ini lenye sirosisi, ina mwenendo mwingine. Inawaka ukingoni tu, kama pete, kisha katikati panajaa polepole kwa dakika kadhaa, kwa sababu pamesheheni nyuzi ngumu. Wataalamu wa radiolojia wa Marekani waliyaweka haya katika mfumo wa madaraja uitwao LI-RADS mwaka 2011, na kuusahihisha 2018. Daraja la LR-5 huruhusu kutibu kansa ya seli za ini bila kuchoma sindano ya kutoa kinyama, jambo la nadra katika tiba ya kansa. Uvimbe wa pete huwekwa LR-M: kansa huenda ipo, lakini ni ya aina gani? Hapo sindano haikwepeki.

Mitego haikosi. Baadhi ya vinundu vya sirosisi vinang'aa hata kabla ya dawa, kwa hiyo kompyuta huitoa picha ya kwanza ndani ya ile ya ateri ili ibaki nuru ya dawa peke yake. Dawa ya gadoksetati, inayonyonywa na seli za ini, huwakatisha pumzi baadhi ya wagonjwa kwa muda mfupi, tena palepale ateri zinapopigwa picha; picha ikitikisika, hatua yenye thamani kuliko zote imepotea. Na kwa dawa hiyo weusi wa uvimbe usomwe kwenye hatua ya mshipa wa lango tu. Baadaye ini lenyewe linazidi kung'aa, na kila kisicho seli nzima ya ini kitaonekana cheusi.

Lakini mtego mkubwa kwetu uko mlangoni. LI-RADS imetungwa kwa mtu mzima mwenye sirosisi, au homa ya ini B ya kudumu, au aliyekwisha kupata kansa hiyo. Mwambao huu una kichocho cha tumbo. Mtafiti Bruno Gryseels na wenzake walikichunguza Burundi miaka ya 1980. Mayai ya kichocho hukwama kwenye vijitawi vya mshipa wa lango na kuvizungushia makovu. Shinikizo linapanda, wengu unavimba, mgonjwa anatapika damu, ilhali seli za ini mara nyingi bado zinafanya kazi yake. Hiyo si sirosisi. Uvimbe kwenye ini la namna hii, lisilo na homa ya ini B, haupewi LR-5 hata ukiwaka na kufifia kwa mpangilio mzuri namna gani.

Kwa hiyo, daktari unayemwandikia mgonjwa wa Gitaza au Rumonge barua ya kwenda kupigwa MRI, usiandike "uvimbe wa ini" ukaishia hapo. Andika majibu ya homa ya ini B na C, pombe, kichocho na dawa alizokwisha kunywa. Msomaji wa picha hawezi kuyaona hayo yote kwenye skrini.